Mgeni siku ya tatu mpe jembe: shemeji yangu na sheria yetu ya uraia

Ndugu zangu, nimerudi kutoka Hanang. Nilikwenda kwa siku mbili tu kumsalimia dada, nikakaa wiki nzima, na kilichonikalisha ni bahasha.

Bahasha yenyewe ni ya kaki. Imevimba, na karatasi zilizomo zimegandana kwa tope. Mtakumbuka Jumapili ile ya Desemba 3, 2023, maji, mawe na matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Dada na familia yake walipona. Nyumba waliyopanga ilijaa tope hadi dirishani, na sanduku la bati alilokuwa akitunzia vyeti lilipatikana siku ya nne. Humo ndani kulikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha kulikuwa na maisha yote ya shemeji yangu hapa nchini: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wawili, picha ndogo za pasipoti zilizobabuka, na stakabadhi za kila kibali alichowahi kulipia.

Shemeji ni Mkipsigis wa Bomet, Kenya. Ni fundi wa mashine za kuvunia ngano. Alikuja upande wa Basotu kwa msimu mmoja wa mavuno, akamwona dada yangu ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, msimu ukaisha yeye hakuisha. Walifunga ndoa ya bomani mwaka 2016.

Tangu hapo kila kibali kinapokaribia kufika tarehe yake, bahasha hufunguliwa. Safari hii, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, karani aliinua cheti cha ndoa kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akasema jina la mume halisomeki. Dada akamwambia, "Kaka yangu, mume mwenyewe huyu hapa amesimama." Karani akacheka. "Mwalimu, mimi sina ugomvi na mume. Nina ugomvi na karatasi."

Nakala mpya ilipatikana mwishowe, maana daftari la ndoa lipo. Lakini ilichukua siku, nauli na kuombeana ruhusa kazini, na mwisho wa yote shemeji kapata nini? Kapata tarehe nyingine. Kwa Kiswahili cha serikali karatasi yake inaitwa Hati Fuasi. Dada hupenda kumtania, "Wewe ni mfuasi wangu kisheria, kaa kwa adabu." Tunacheka. Ila mfuasi huyu hawezi kuajiriwa hivi hivi kwa sababu tu ana mke hapa. Sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka awe na kibali cha kazi, na kibali cha kazi ni jambo jingine kabisa na kibali cha kuishi. Zamani alipokuwa na mwajiri, kibali chake cha Daraja B kilifungwa kwenye ajira ile. Ajira ilipokufa, kibali kikafa nayo. Fundi ambaye mashine za wilaya nzima zingemtafuta, anakaa nyumbani anapika chai.

Jioni nikamuuliza swali la kijinga, kama tulivyofundishwa kuuliza: "Shemeji, miaka yote hii ya ndoa na watoto wawili, kwa nini usiombe uraia ukamaliza kazi?"

Akanitazama kwa huruma. "Shem, ningekuwa mwanamke hiyo maneno ingekuwa imeisha zamani."

Nilidhani ananitania. Niliporudi Arusha nikaitafuta sheria nikaisoma mwenyewe. Hakunitania.

Sheria ya Uraia ya Tanzania, Namba 6 ya mwaka 1995, kifungu cha 11, inasema mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania anastahili kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamke. Mwanamume aliyemwoa raia hayumo. Yeye apite njia ya wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na kadhalika. Ndoa yake haimwongezei hata siku moja. Mbele ya kifungu hicho, mume wa dada yangu na mgeni asiye na ndugu hata mmoja hapa nchini wanapanga foleni moja.

Nikajiuliza: hii imetoka wapi? Wengi watanijibu haraka kwamba ni mila zetu. Mke ndiye anayehamia kwa mume, mwanamume hahamii kwa mke. Basi ngoja nianze na mila zetu, maana nimezaliwa ndani yake.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mgeni. Sisi ni Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga, hao ambao wengi mmezoea kuwaita Wamang'ati, jina tulilopewa na Wamaasai na maana yake ni maadui. Bibi yeye alizaliwa Mwiraqw, au Mmbulu kama mnavyosema, kule milimani Mbulu. Lugha ya Kiiraqw ni ya jamii ya Kikushi, yetu ni ya Kiniloti. Hazina undugu wowote. Na watu wenyewe walikuwa wakiibiana ng'ombe na kuuana. Sasa Mwiraqw huyo alifikaje kwenye boma la Mbarabaig?

Mila ya zamani ya Wairaqw ilikuwa kali kwa binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Iliaminika mimba ile ingeleta balaa juu ya ardhi ya watu wote, kwa hiyo binti alitolewa nyumbani. Wadatoga hawakuwa na hofu hiyo. Mabinti wengi wa Kiiraqw walipokelewa upande wetu, wakaolewa, na watoto waliowabeba tumboni wakahesabiwa Wadatoga kamili. Bibi alikuwa mmoja wao, miaka ya 1950. Baba yangu mkubwa alizaliwa miezi michache baada ya babu kumchukua, na sijawahi kumsikia mtu akisema yule si wa boma letu. Bibi alivishwa sketi ya ngozi kama wanawake wengine walioolewa, akajifunza lugha, na alipofariki mwaka 2011 alizikwa kama mwenyeji. Uraia wake ulithibitishwa na majirani walioona anakamua, anazaa, anazika.

Mtasema huyo ni mwanamke, ndiyo mila yenyewe. Haya, twende upande wa pili. Kaa na wazee wa Kiiraqw wakusimulie asili ya koo zao. Utasikia ukoo huu ukisema mwanzilishi wetu alikuwa Mdatoga, ule ukisema Mgorowa, mwingine ukisema alitoka nje kabisa. Na koo hizo zinahesabiwa kwa baba! Maana yake ni kwamba wanaume wageni waliingia, wakapewa mahali pa kulima, wakaoa, na wajukuu wao leo ndio Wairaqw wenyewe. Waswahili wa pwani nao walishasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Kwa hiyo ukitafuta kifungu cha 11 katika milima ya Mbulu hutakiona. Nimekiona London.

Sheria ya uraia ya Waingereza ya mwaka 1914 ilisema mke wa raia wa Mfalme ni raia wa Mfalme, na mwanamke Mwingereza akiolewa na mgeni anahesabiwa mgeni. Mke alimfuata mume kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Wanawake wao walipiga kelele kwa miaka mingi, hadi sheria ya 1948 ikawaachia uraia wao hata wakiolewa na mgeni. Lakini sheria hiyohiyo ya 1948 ilibakiza kipande kimoja: mke mgeni wa raia aliweza kuandikishwa kwa sababu ya ndoa yake, na mume mgeni wa raia hakupata haki hiyo.

Sisi wakati huo tulikuwa nchi ya udhamini. Babu zetu hawakuwa raia wa Uingereza, walihesabiwa watu walio chini ya ulinzi wake tu. Ilipokaribia Desemba 9, 1961 ikabidi Tanganyika ijitengenezee raia wake kwa mara ya kwanza.

Hapa Mbulu ina kisa chake, naomba nikiseme hata kama ninapinda njia kidogo. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kile kimoja ilichokosa kilikuwa cha Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo, wananchi wakamchagua Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU hiyohiyo aliyejisimamia mwenyewe. Kwa hiyo Bunge lililokaa kuamua nani ni Mtanganyika lilikuwa na mtu mmoja tu ambaye chama hakikumtuma, na alitoka kwetu.

Mjadala wa uraia wa Oktoba 1961 ulikuwa moto. Wabunge kadhaa, akiwemo Christopher Tumbo, walitaka uraia uwe wa Waafrika, Wazungu na Wahindi wasubiri. Oktoba 18 Mwalimu Nyerere alisimama akapinga uraia wa rangi ya ngozi, akaweka wazi kwamba serikali yake ingejiuzulu muswada ukishindwa. Ukapita. Aliyezaliwa Tanganyika na mzazi wake mmoja akazaliwa Tanganyika akawa raia siku ya uhuru, wengine wakapewa miaka miwili ya kujiandikisha. Ulikuwa ushindi mkubwa, na mimi najivunia mpaka leo. Lakini nguvu zote zilikwenda kwenye rangi. Kile kipande cha 1948 kilivuka nasi mwaka 1961 bila jasho: mke wa raia aandikishwe. Mume wa raia? Kimya. Tulikataa ubaguzi mlangoni, mwenzake akapita dirishani.

Sasa hili la karatasi Hanang tunalijua kwa uchungu mwingine pia, na ndiyo sababu ile bahasha ilinigusa kuliko ilivyostahili. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba ya ngano ya shirika la NAFCO katika wilaya yetu: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal na mengine, kama ekari 100,000 kwa jumla. Hayo yalikuwa malisho mazuri kuliko yote tuliyokuwa nayo, na ndani yake kulikuwa na makaburi ya wazee wetu. Trekta zilipita juu. Watu wa Mulbadaw wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu, na moja ya sababu ilikuwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Soma tena taratibu. Sheria ya mkoloni, miaka 24 baada ya uhuru, Wabarabaig ndani ya nchi ya Wabarabaig, hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji.

Sisemi kesi ya ardhi na kibali cha shemeji ni kitu kimoja. Nasema tumewahi kuwa upande ule wa kaunta anaosimama shemeji leo. Tunajua ladha ya kuambiwa mwili wako uliosimama hapa si ushahidi.

Twende 1995. Mwaka huo Bunge lilikaa likatunga upya sheria za uraia na uhamiaji za Jamhuri nzima. Ilikuwa nafasi nzuri, na kitu kimoja kikubwa kilirekebishwa: mtoto. Chini ya sheria ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alirithi uraia kwa baba. Sheria ya 1995 ikasema baba au mama. Wanangu wa dada wangezaliwa hata Bomet bado wangekuwa Watanzania kupitia mama yao. Kumbe Bunge liliweza kuona kwamba damu ya mama nayo ni damu! Likafika kifungu cha 11 likaandika tena "mwanamke". Wakati huo Waingereza wenyewe, waliotuachia ule urithi, walikuwa wameshaufuta kwao kwa sheria ya 1981. Na Botswana walikuwa wameshapata somo: Unity Dow, mwanasheria aliyeolewa na Mmarekani, aliishtaki serikali yake kwa sababu watoto wake walinyimwa uraia, akashinda, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi wake.

Kinachoniuma zaidi ni Kenya. Kenya nayo ilianza na kipande kilekile cha wake tu. Katiba yao ya 2010, ibara ya 15, inasema mtu aliyefunga ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 anastahili kuomba kuandikishwa kuwa raia. Mtu. Maana yake dada yangu akihamia Bomet, ndoa yake inahesabika. Mumewe akibaki Katesh, ndoa hiyohiyo, cheti hichohicho, haihesabiki. Umbali kati ya Hanang na Bomet si mkubwa hata kidogo ukilinganisha na Katesh na Mtwara.

Na huyo mnayemwita mgeni, ni mgeni gani? Kipsigis ni lugha ya Kikalenjin, na Kikalenjin na Kidatoga ni ndugu wa mbali, wote Waniloti wa Kusini. Sisi Mungu tunamwita Aseta, wao wanamwita Asis. Shemeji alipofika mara ya kwanza bomani kwetu, wazee walikuwa wakiongea kwa faragha, yeye akawa anainua kichwa kila neno la tano. Mzee mmoja akamuuliza, "Wewe umesikia nini?" Tulicheka sana siku ile. Watu hawa walitengana zamani sana, ndiyo, lakini mstari uliowafanya raia wa nchi mbili ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wala hakuna Mdatoga wala Mkipsigis aliyeulizwa.

Najua hoja za upande wa pili, na si za kupuuzwa. Kwanza, ndoa za uongo. Kuna wageni watakaooa ili wapate uraia. Ni kweli, lakini hata wanawake wanaweza kuolewa kwa uongo, na kwao kifungu cha 11 hakidai hata mwaka mmoja wa ndoa. Kama tunaogopa uongo tuweke miaka, kama Kenya, kwa wote. Pili, ardhi. Wanasema mume mgeni atachukua ardhi kupitia mke. Lakini kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na akishapata uraia si mgeni tena, ni jirani. Hofu hiyohiyo mbona hatuielekezi kwa mke mgeni? Tatu, watasema Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshamaliza mambo haya. Haijamaliza. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza Julai 1, 2010 imefungua njia kwa wafanyakazi na biashara, ila ardhi imeachwa kwa sheria za kila nchi, na haimfanyi mtu kuwa raia.

Halafu kuna Katiba yetu wenyewe. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na jinsia imetajwa humo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, katika kesi ya Bi Holaria Pastory, ilikataa mila ya Kihaya iliyomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya urithi kama mwanamume. Tulikuwa wepesi kuihukumu mila ya bibi zetu. Sheria iliyoandikwa kwa kalamu ya kizungu tunaiheshimu mno.

Maana tazama anayebaguliwa hasa. Kwa juu juu ni shemeji, mwanamume. Lakini kaka yangu akioa Mkipsigis, mkewe ana haki ya kuomba kesho. Dada yangu, raia kama kaka, mlipa kodi kama kaka, anayefundisha watoto wetu kusoma, ndoa yake ina uzito mdogo kuliko ya kaka. Sheria inamwambia dada: wewe ni raia, ila huna nguvu ya kumkaribisha mtu.

Siombi makubwa. Neno "mwanamke" katika kifungu kile liwe "mtu", na ndoa iwekewe miaka ya kuishi pamoja ili matapeli wachoke njiani. Akipewa uraia ataacha wa Kenya, maana sisi haturuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, na shemeji anasema yuko tayari.

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilimkuta shambani. Ni ekari mbili za maharage upande wa Gendabi, shamba la dada, jina la dada. Alikuwa analima peke yake, maana dada yuko shule. Nikamwambia, "Pole na kazi, shemeji." Akasema, "Asante, shem. Hii haihitaji kibali." Jembe tayari analo. Aliyempa ni mkewe.

Bahasha dada ameinunulia mfuko wa nailoni, ameitundika juu kabisa kwenye kenchi ya paa. Nawasilisha.